Sura ya 4: Hodi Katika Chumba cha Kazi

Mwezi Agosti 1853, katika mtaa wa Cheyne Row huko Chelsea, mafundi walipanda juu ya nyumba ya mwandishi Thomas Carlyle wakaanza kuezua paa. Carlyle alikuwa na miaka 57. Alikuwa amepanga nyumba ile tangu 1834, kwa pauni 35 kwa mwaka, na kwa karibu miaka 20 alikuwa amegombana na kila chenye koo: jogoo wa jirani, kasuku, piano ya nyumba ya pili, wachuuzi wanaonadi bidhaa zao, wapiga vinanda vya kuzungusha kwa mkono. Sasa aliamua kumaliza ubishi kwa matofali. Juu kabisa ya nyumba pangejengwa chumba kipana chenye kuta mbilimbili na nafasi ya hewa katikati. Mwanga ungeingia kwa dirisha la paa, na barabara isingeonekana wala kusikika.

Miezi ile ya ujenzi ilikuwa balaa. Vumbi lilijaa nyumba nzima, na fundi mmoja alitoboa dari akaporomoka hadi chumba cha chini. Mke wake, Jane, aliyekuwa na akili ya mipango kuliko mumewe, ndiye aliyebaki kuzungumza na mafundi huku bwana akilalamika.

Kisha chumba kikakamilika, Carlyle akapanda na karatasi zake, akakaa, akasikiliza. Jogoo alikuwa amefifia kweli. Lakini sasa zilimfikia sauti ambazo hakuwahi kuzitambua: honi za mashua kwenye mto Thames, kengele za makanisa ya mbali, filimbi za treni. Dirisha la paa lilikuwa limegeuka sikio la nyumba. Kelele za karibu zilipozibwa, za mbali zilipata uwanja. Kila aliyewahi kulala karibu na friji inayonguruma analijua jambo hili: umeme ukikatika usiku, ghafla unasikia saa ya ukutani, kisha bomba linalodondosha maji, kisha mbwa wa mtaa wa tatu.

Hata hivyo alikaa mle. Kwa miaka kama 12 alikitumia chumba hicho kuandika historia ya mfalme Frederick wa Prussia, mabuku 6, la mwisho likitoka 1865. Kisha akashuka chini na hakutaka tena habari za darini. Nyumba hiyo leo ni makumbusho. Msomaji wa Kiafrika anayepanda ngazi zake afahamu pia kwamba mwenye chumba, mwaka 1849, alichapisha makala ya dharau kubwa dhidi ya watu weusi wa visiwa vya Karibi, kiasi kwamba hata marafiki zake waliona aibu. Utulivu wa chumba hausafishi kinachoandikwa ndani yake.

Carlyle hakuwa peke yake. Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kukokotoa ambazo wengi huziona kama bibi wa kompyuta, aliishi Dorset Street huko Marylebone, naye alichukua njia nyingine: sheria. Aliorodhesha usumbufu wa wanamuziki wa mitaani mmoja mmoja, akadai kwamba kwa miaka kama 12 walikuwa wamemwibia robo ya nguvu zake za kazi. Mwaka 1864 Bunge lilipitisha sheria iliyopelekwa na mbunge Michael Bass, ikimpa mwenye nyumba haki ya kumfukuza mwanamuziki mbele ya mlango wake. Dickens, Tennyson na Carlyle mwenyewe waliunga mkono. Babbage alipata nini? Kwa maelezo yake, watoto walimfuata njiani wakimzomea, na bendi ya matarumbeta ilipiga karibu na nyumba yake kwa saa 5, ikipumzika mara chache tu, tena kwa muda mfupi. Ukimwonyesha mtaa mzima mahali unapoumia, usishangae ukiguswa hapohapo.

Jina la Dickens katika orodha ile linachekesha kidogo. Kijana Dickens alipokuwa akiishi 48 Doughty Street, kati ya 1837 na 1839, shemeji yake mmoja alikumbuka jioni moja waliyokuwa wakipiga soga sebuleni. Dickens aliingia na karatasi za Oliver Twist, akakaa kwenye kona, akawaambia waendelee kuongea, akaandika huku akitia neno lake katika mazungumzo. Mtu huyohuyo, alipohamia Devonshire Terrace, aliweka mlango wa pili kwenye chumba chake cha kazi ili asisikie kitu. Ile soga aliiingia kwa miguu yake mwenyewe. Kinanda cha barabarani kilimjia bila kuitwa.

Wataalamu wa saikolojia wamepima upande mmoja wa jambo hili. Mwaka 1976, Colle na Welsh waliwapa watu mifuatano ya herufi waikariri huku sauti ikisoma Kijerumani, lugha wasiyoielewa. Kumbukumbu zao ziliyumba vilevile. Kinachochoma akili ni sauti ya binadamu inayopanda na kushuka, hata maneno yasipoeleweka. Kwa hiyo anayeishi Whitechapel na kusikia mazungumzo ya Kibengali ukutani asijidanganye kwamba hayamhusu kwa kuwa hayaelewi. Mvumo wa mvua au wa feni, ambao haubadiliki, ni mwenzi mwema zaidi.

Ila kipimo hicho hakitofautishi mgeni uliyemkaribisha na aliyevamia. Kwa hilo Waswahili wana neno la siku nyingi, na ni ajabu kwamba vitabu vya kupanga ofisi za nyumbani, vyenye kurasa nyingi za viti na taa, havina lugha yake. Neno lenyewe ni hodi.

Hodi ni nusu ya mazungumzo. Nusu ya pili ni karibu, nayo iko mikononi mwa aliye ndani. Ukipiga hodi mara tatu, desturi yenye mizizi katika mafundisho ya Uislamu, usipojibiwa unageuka na kwenda zako bila kununa. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa mantiki hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mtu hatoki barabarani akajikuta sebuleni. Kwanza kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili, ambako biashara na salamu humalizikia. Kisha njia inapinda, makusudi, ili jicho la mpita njia lisifike uani. Baada ya kiwanda, yaani ua wa wazi, inakuja misana, vyumba virefu vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine, na kila hatua moja ndani ni faragha zaidi na utulivu zaidi, hadi kufika ndani kwenyewe. Mfanyabiashara aliyeishi humo alifanya kazi nyumbani maisha yake yote. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kazi ilikuwa na daka lake.

Fleti ya London haina daka. Mlango ukifunguliwa, umefika kitandani, jikoni na ofisini kwa pamoja.

Tarehe 23 Machi 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson alipowaambia Waingereza wakae nyumbani, ukosefu huo ukawa tatizo la umma. Takwimu za serikali za Aprili mwaka huo zilionyesha kwamba asilimia 57.2 ya wafanyakazi wakazi wa London walikuwa wakifanya angalau sehemu ya kazi nyumbani, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Ubao wa kupigia pasi ukawa meza. Ngazi zikawa chumba cha mikutano. Janga lilipita, mazoea yakabaki: kufikia vuli ya 2024, asilimia 28 ya wafanyakazi wa Uingereza bara walikuwa wakigawa wiki yao kati ya ofisi na nyumba.

Chukua, kwa mfano, mkalimani wa Kiswahili anayefanya kazi kwa simu. Kazi hii wengi kutoka Afrika Mashariki wanaifanya wakiwa Barking, Woolwich au Wembley. Simu inaita saa tatu asubuhi: daktari upande mmoja, mama mjamzito kutoka Bukavu upande mwingine. Saa nne ni wakili na kijana anayeomba hifadhi. Hakuna anayeweza kumwambia wakili asubiri mtoto amalize kulia. Isitoshe, yanayosemwa ni siri, na mkalimani anafungwa na maadili ya kazi yasiyomruhusu hata mumewe ayasikie. Kwake, kufunga mlango ni sharti la kazi.

Sasa pima nafasi aliyonayo. Kiwango cha taifa cha ukubwa wa makazi, kilichotangazwa 2015, kinataka fleti mpya ya chumba kimoja cha kulala na watu wawili iwe na angalau mita za mraba 50. Chumba cha kitanda kimoja kikipungua mita za mraba 7.5, hakihesabiwi kuwa chumba cha kulala. Na hizo ni fleti mpya. Maelfu wanaishi katika nyumba za enzi ya Malkia Victoria zilizokatwakatwa, ambamo ukuta wa kati ni ubao mwembamba wa jasi na mlango ni mwepesi, mtupu ndani kama ngoma.

Aanzie mlangoni, kwa sababu sauti ni kama maji: inapita penye ufa. Ukuta mzito usiozibwa pembeni ni kazi bure, na uwazi wa kidole kimoja chini ya mlango unatosha kuupitishia mjadala mzima wa sebuleni. Mpira wa kuziba pembe za mlango na brashi ya chini ni vitu vya bei ndogo dukani, navyo vinasaidia kuliko zile sponji za rangi wanazobandika watu ukutani baada ya kuziona studio. Sponji hupunguza mwangwi wa chumba chenyewe. Mazulia nayo huua vishindo vya miguu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomnyamazisha jirani, kwa kuwa jirani huzuiwa na uzito, nao uzito ndio kitu ambacho mpangaji hana ruhusa ya kujenga.

Akimaliza kuziba, anagundua kwamba amejifungia na pumzi zake mwenyewe. Majira ya baridi madirisha hayafunguliwi, na nguo zilizofuliwa zinakaukia ndani, kwenye kianikio kilichosogezwa karibu na kipasha joto, zikiacha unyevu ukutani hadi ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2015 jaribio la wafanyakazi 24: hewa ya ukaa ilipofika kiasi cha 1,400 kwa kila milioni, alama zao katika kazi za kufikiri zilikuwa chini kwa nusu zikilinganishwa na siku za hewa safi. Wengine waliofanya majaribio ya aina hiyo baadaye hawakupata pengo kubwa hivyo. Lakini kila aliyekaa saa tatu katika chumba kidogo kilichofungwa anaijua ile miayo. Dakika 10 za dirisha wazi kati ya simu na simu zinatosha, koti likiwa mwilini.

Halafu kuna jua, na hapa Kiswahili chenyewe kinakwama. Saa zetu zimefungwa kwenye jua: saa moja asubuhi limechomoza, saa kumi na mbili jioni linazama, na kuanzia Mombasa hadi Bujumbura hesabu haikosei sana. Peleka saa hiyo London. Tarehe 21 Disemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Juni linaamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuondoka baada ya saa tatu usiku. Disemba, hata adhuhuri halipandi sana zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, yaani linachungulia tu kati ya mabomba ya moshi. Aliyekulia Tanga, ambako mtu hujenga ili kulikimbia jua, inabidi ajifunze kulifuata. Kaskazini huku, dirisha la kusini ndilo lenye thamani, na saa za mchana ni mali ya kugawa kwa uangalifu. Meza ikae ubavuni mwa dirisha. Ikilipa mgongo, mwanga unapiga kwenye skrini. Ikilitazama uso kwa uso, jua lile la chini linamchoma macho. Jioni inahitaji taa mbili, moja ya chumba na moja ya meza, kwa kuwa macho huchoka yanapohama kutoka skrini angavu hadi kwenye giza.

Kuhusu kiti na kimo cha meza, sheria ya 1992 ya wanaotumia skrini inamtaka mwajiri akague hata mahali pa kazi pa nyumbani. Mkalimani wetu, kama wengi wa fani hiyo, amejiajiri. Mkaguzi ni yeye na kiuno chake.

Yote hayo yakikaa sawa, anabaki binadamu wa pembeni. Charles Darwin alihamia Down House mwaka 1842, kijijini wakati huo. Leo nyumba hiyo iko ndani ya mipaka ya London, katika mtaa wa Bromley. Chumba chake cha kazi bado kinaonekana: kiti cha mkono alichokitia magurudumu ili ateleze kutoka meza hadi meza, na kioo alichokiweka dirishani ili aone nani anakuja kabla mgeni hajafika mlangoni. Ni hodi ya macho. Asubuhi aliandika kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu, akapumzika kusomewa barua, akarudi saa nne na nusu hadi saa sita. Baada ya hapo alijihesabu amefanya kazi nzuri ya siku, akaenda kutembea.

Wala hakuwa na kuta mbili. Binti yake alisimulia baadaye jinsi watoto walivyomvamia kutaka uzi, mkasi, plasta, pini, nyundo. Baba hakufoka. Siku moja aliwauliza tu, kwa upole, kama hawaoni kwamba ingefaa wasiingie tena, kwa kuwa ameshakatizwa mara nyingi. Mwanasayansi aliyeitikisa dunia mwaka 1859 aliomba, na pengine hakupata.

Walau watoto wa Darwin walionekana wakiingia. Simu ya mkononi haipigi hodi, inafika kitandani. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohamishwa kazi kabla hajaimaliza, sehemu ya akili yake inabaki kwenye ile ya kwanza kama masizi kwenye sufuria, na kazi ya pili inapikwa humohumo. Bila shaka si kila simu ni hasara. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa jikoni kwake Canterbury akiandaa chai simu ilipoita. Alidhani ni wale wanaopiga kuuza vitu. Ilikuwa Stockholm, kumweleza kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel.

Virginia Woolf ndiye aliyeifanya hoja ya chumba kuwa hoja ya fedha: katika insha yake ya 1929 alidai mwanamke anayetaka kuandika awe na pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Yeye mwenyewe, akiishi 52 Tavistock Square, aliandikia ghala la chini ya nyumba, katikati ya vifurushi vya vitabu vya kampuni yake, akiwa kwenye kiti cha chini na ubao mapajani. Kufuli ni neno zuri kwa aliye na ufunguo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 hadi Disemba 1978, alikuwa na chumba cha peke yake na kufuli kubwa kuliko zote. Humo aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Miaka michache baadaye, akiwa mkimbizi London, aliandika Matigari huko Islington. Vyumba viwili vidogo, vyote vya upweke. Katika kimoja kitasa kilikuwa upande wake.

Mwenye bustani London ana bahati ya kibanda. Kwa kawaida sheria za mipango miji humruhusu kukijenga bila kibali maalumu ikiwa hakizidi mita 2.5 kwenda juu karibu na uzio wa jirani, ingawa wa fleti hana haki hiyo. George Bernard Shaw alikuwa nacho Ayot St Lawrence, nje ya jiji: kibanda cha mita za mraba zisizofika 6, kilichokaa juu ya kitako cha kuzunguka ili kizungushwe kufuata jua. Kilikuwa na hita, kitanda chembamba, simu. Alikiita London. Mgeni asiyetakiwa akifika, wafanyakazi walimjibu bila kusema uongo: bwana yuko London.

Mkalimani wa Barking hana wafanyakazi, wala bustani. Tuseme ana kanga. Ikining'inia kwenye kitasa cha nje, watoto wanajua kuna mtu wa hospitali kwenye simu, na hodi haijibiwi. Simu ikikatika anafungua dirisha, anaivua kanga kitasani na kujitupia begani, anakwenda kugeuza nguo kwenye kianikio, kwa sababu bado hazijakauka.